Kaimu Jongoo wa Ghuba ya Shukrani

Msiniulize jina la nchi yenyewe. Niliwahi kuliomba kwa barua, nikajibiwa kwamba jina hilo hutumika kwa shughuli maalumu tu, na kwamba ombi langu linashughulikiwa. Nitasema tu kwamba ni nchi ya pwani, yenye amani, na amani yake ni ya lazima. Ina bendera, ina wimbo, na ina Ghuba ya Shukrani. Zamani ghuba hiyo ilikuwa na jina jingine, lakini wenyeji waliombwa washukuru, wakashukuru sana, mpaka ikaonekana si vizuri shukrani zote zile zipotee bila kuwekewa kibao.

Katika ghuba hiyo serikali ilifuga samaki. Vizimba arobaini vya nyavu vilining'inia kwenye mapipa yanayoelea, na ndani yake waliogelea mwatiko wa serikali, wanene, wanaolishwa mara tatu kwa siku. Sasa, samaki ni kama yeyote anayelishwa na serikali: hamalizi anachopewa, na anachokimeza hakikai tumboni. Mabaki na mavi yakawa yanashuka chini ya vizimba bila kupumzika, na kufikia mwaka wa nne chini kulikuwa na tope jeusi la kina cha kiuno, linalonuka mayai viza. Tope lile liliyanyima maji hewa. Mara mbili samaki waliamka wakielea matumbo juu, vizimba vyote arobaini, asubuhi moja. Mara ya kwanza redio ya taifa ilitangaza kuwa samaki wamepumzika. Mara ya pili ilitangaza kuwa wamepumzika tena.

Aliyejua hasa kilichokuwa kikitokea alikuwa Bi Mize, Mtaalamu wa Viumbe wa Chini, Daraja la Tatu. Daraja hilo alikuwa nalo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na saba, sikio la kushoto limeziba kwa kupiga mbizi, na alizaliwa katika nyumba ya tatu kutoka majini, hapo hapo ghubani. Dada zake walilima mwani, mama yake aliokota chaza. Hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajastaafu, nacho ni kuiacha ghuba ile ikipumua.

Kwa hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa, maana mwenye kuomba ruhusa hupewa kamati, alianza kufuga majongoo bahari.

Kama hujapata kumwona jongoo bahari, hujakosa uzuri. Ni kitu kama soksi iliyojazwa mchanga. Hana uso, hana mkono, ana kinywa upande huu na pa kutokea upande ule. Huingiza tope huku, akatoa mchanga mweupe kule, na hiyo ndiyo habari ya maisha yake yote. Bi Mize aliwalea tangu wakiwa kama punje ya mchele, kwenye beseni, kivulini, akiwabadilishia maji kwa mikono yake. Ilimchukua miaka sita kupata elfu nne. Akawashusha chini ya vizimba. Kati ya kizimba na kizimba akafunga kamba za mwani ili unywe uchafu ulioyeyuka, na mishipi ya chaza ili wachuje maji. Wanawake wa kijijini wakapika sabuni kwa ule mwani, wakachoma chokaa kwa makombe ya chaza, na mchanga mweupe wakautia kwenye mapipa ya kuchujia maji ya kisima. Hakuna aliyekata utepe. Jambo likaenda kimya kimya, na labda ndiyo sababu lilikwenda.

Baada ya miezi minane tope lilikuwa limeshuka kutoka kiunoni hadi kifundoni. Siku moja Bi Mize alizama, akaona kivuli chake mwenyewe juu ya mchanga, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu utotoni. Akalia humo humo ndani ya miwani ya mbizi, na ikambidi apande juu kuimwaga.

Kosa alilofanya ni moja. Aliliandika kwenye ripoti.

*

Ripoti za Bi Mize zilikuwa za kweli zote, na kwa hiyo hazikuwahi kumdhuru mtu. Zilikwenda makao makuu kila robo mwaka, zikapigwa muhuri, zikaingia kabatini. Lakini siku hiyo umeme ulikatika makao makuu, na Afisa Utumishi mmoja, Bwana Ngwali, simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alikaa dakika arobaini bila cha kutazama. Mwishowe, kwa kukata tamaa, akasoma.

Wiki iliyofuata alishuka ghubani na sanduku la fomu.

"Bi Mize," alisema, akiketi kwenye kiti pekee cha kituo, "hapa umeandika kwamba una wafanyakazi elfu nne chini ya maji."

"Nimeandika majongoo, bwana."

"Umeandika, nakusomea, 'wanafanya kazi ya kusafisha usiku na mchana bila kusimamiwa.' Si maneno yako haya?"

"Yangu, bwana. Lakini ni majongoo."

"Wana barua za ajira?"

Bi Mize alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Nchi ile ilikuwa imezoea watumishi waliomo kwenye orodha na hawapo kazini. Hao ina mipango nao, inawajua, inawatakia heri ya sikukuu. Watumishi waliopo kazini na hawamo kwenye orodha haikuwahi kuwaona, na habari zao ziliitia hofu.

Basi Shaali, nahodha wa boti ya kituo, mtu mzima asiyeshangazwa na kitu, akaagizwa alete watano wa kuanzia. Akawaleta kwenye ndoo. Bwana Ngwali akatoa kalamu.

"Jina la baba?"

"Hatulijui, bwana," alisema Bi Mize.

"Elimu?"

"Hawana hata ubongo, bwana. Mwenyezi Mungu hakuwapa."

"Hilo halijawahi kuwa kikwazo. Nauliza elimu."

Akamshika wa kwanza ili ampime urefu. Jongoo akiogopa ana desturi yake moja mbaya: hutapika matumbo. Akayatapika yote, marefu, meupe, juu ya kiatu cha Afisa Utumishi.

"Anafanya nini huyu?"

"Ameogopa, bwana. Ametoa utumbo. Ukimrudisha majini utaota mwingine, wiki sita hivi."

Bwana Ngwali alifikiri, akaandika: likizo ya ugonjwa, wiki sita, pamoja na onyo kwa utovu wa adabu mbele ya mkubwa. Halafu akaomba wa pili.

Kazi ya kuwaandikisha elfu nne ilichukua siku kumi na tisa. Kwa siku hizo kumi na tisa majongoo walipandishwa juu, wakapimwa, wakatapika, wakashushwa, na katika muda wote huo hakuna aliyekula tope hata kijiko. Bi Mize alisimama kwenye boti kutwa nzima akiwafunika kwa gunia la maji wasikaushwe na jua. Jioni mgongo ulimuuma hata akashindwa kuinama kuvua viatu. Shaali alimvulia.

"Tungenyamaza tu, Bi Mize," Shaali alisema.

"Mie niliandika kweli, Shaali."

"Ndiyo nisemalo."

*

Baada ya orodha kukamilika, ilibidi aje Mheshimiwa. Huyu alikuwa Daktari Mwinyipembe, Waziri wa Usafi wa Sehemu Zisizoonekana, mtu mnene wa sauti nene.

Nchi ile ina desturi yake, nayo ni njema: mkubwa akija mahali, mahali hapo husafishwa kwanza, ili asije akadhani kuna kazi. Akienda hospitali, wagonjwa wanaotisha huombwa wakaugulie kwao. Akienda shule, watoto wasiojua kusoma hupewa kazi ya kupunga bendera barabarani. Kwa hiyo siku mbili kabla ya ziara ikaja amri kwamba chini ya vizimba pafagiliwe.

"Lakini hao majongoo ndio wanaofagia," alisema Bi Mize. "Na hilo tope ndilo chakula chao."

"Mheshimiwa hawezi kuonyeshwa tope," alijibu Bwana Ngwali. "Amekuja kuona usafi."

Wakaletwa wazamiaji thelathini wa jeshi wenye mafagio ya chelewa. Wakalitimua tope lote, maji yakawa meusi kama masizi, wakalisukuma nyuma ya mwamba ambako msafara haungepita. Majongoo nao wakafagiliwa humo humo. Bi Mize alishinda siku nzima nyuma ya mwamba akiwaokota mmoja mmoja na kuwarudisha, huku juu yake wakipaka mapipa rangi za taifa.

Siku ya ziara ikabidi Mheshimiwa amwone jongoo akila uchafu, na uchafu haukuwapo. Lilifanyika jambo la busara. Ofisi ikaagiza tope kutoka mtaro wa soko la mji mkuu, likapimwa maabara, likathibitishwa kuwa ni chafu, likaletwa kwa gari lenye king'ora. Wakamweka jongoo mmoja katika tangi la kioo juu ya meza kuu iliyotandikwa kitambaa cheupe, wakammiminia tope kwa kijiko cha fedha, na wageni wote wakakaa kumwangalia.

Jongoo hana haraka. Ilipita saa moja. Ikapita ya pili. Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya Mheshimiwa, na Mheshimiwa hakuthubutu kuinuka kabla ya jongoo, kwa kuwa kamera zilikuwa zimeshawashwa. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara nne. Saa ya tatu na nusu, kule nyuma ya jongoo, kikatokea kinyuzi chembamba cha mchanga mweupe. Watu wakapiga vigelegele kwa furaha ya kweli, maana walijua sasa wataweza kwenda kujisaidia.

Mheshimiwa alisimama. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Ndugu wananchi! Nimezunguka nchi hii yote nikitafuta raia wa mfano, na leo nimemkuta ndani ya tangi. Mtazameni! Hasemi. Haombi. Hagomi. Hana uso, kwa hiyo hakunji uso. Anameza kila tunachomtupia, na anaturudishia kitu cheupe! Je, mtu kama huyu anastahili kukaa chini?"

"Hastahili!" wakaitika.

"Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Natangaza kwamba kuanzia leo majongoo wote elfu nne wamepandishwa cheo na kuwa Maafisa Usafi Waandamizi, na wanahamishiwa makao makuu mara moja!"

Hii nayo ni desturi ya nchi ile, na ndiyo iliyoifikisha hapo ilipo. Mtu akifanya vizuri kazi ya chini, huondolewa kwenye kazi hiyo kwa heshima zote. Mwalimu hodari wa watoto huondolewa darasani akawe mkaguzi. Mkunga mwenye mikono myepesi hupewa ofisi yenye zulia. Kwa hiyo popote penye kazi ya kufanywa hubaki wale walioshindwa kuifanya.

Bi Mize alikuwa ameketi safu ya nyuma, na watu wakashangaa kumwona amenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Wakiondoka hawa, chini atabaki nani?"

Mheshimiwa akatabasamu kwa upendo.

"Swali zuri sana, mama," alisema.

Na katika nchi ile swali likishaitwa zuri halijibiwi tena. Wakaenda kula.

*

Uhamisho ulifanyika Jumatatu. Majongoo wakarundikwa kwenye ndoo juani, ndoo zikapakiwa kwenye malori, na kila mmoja akaandaliwa barua ya pongezi iliyofungwa kwa nailoni isilowe. Bi Mize alikuwa ameandika ukurasa mzima wa maelekezo: maji yawe ya bahari, wawekwe kivulini, wapewe tope. Alimkabidhi Bwana Ngwali mkononi.

"Tope haliingii makao makuu," alisema Bwana Ngwali, akikata mstari huo kwa kalamu.

"Basi watakula nini?"

"Watakula kama wenzao wanavyokula."

"Bwana, hawa watakufa. Nakuomba. Niachie hata mia mbili. Niachie hamsini."

Alimshika mkono wa shati bila kujijua. Bwana Ngwali hakuwa mtu mbaya; aliutoa mkono ule polepole, akamwambia asiwe na wivu kwa mafanikio ya waliokuwa chini yake.

Shaali alipelekwa kuwasindikiza. Alirudi baada ya siku nne, akaketi kwenye ngazi ya kituo, akavua kofia.

"Wamekaaje?" aliuliza Bi Mize.

"Wamekaa maofisini. Kila mmoja na chupa yake juu ya meza, na kibao."

"Maji je?"

"Ya bomba. Wametia chumvi ya jikoni."

"Wanakula?"

"Wamewekewa kalenda ya wizara waitazame." Shaali alikuna kichwa. "Wanasinyaa, Bi Mize. Niliyempeleka kama mkono wangu huu, nimemwacha kama kidole. Wakubwa wamefurahi mno. Wamesema huo ndio mfano wa kubana matumizi. Wamewasifu kikaoni."

"Shaali. Wameshakufa."

"Wengi, ndiyo. Lakini hawajaanza kunuka, na kule mtu hastaafishwa mpaka anuke."

Bi Mize alijifunika uso kwa kanga. Hakuwa mtu wa kulialia, lakini miaka sita si siku sita, na alikuwa amewabeba wale viumbe kwenye beseni kama mtu anavyobeba watoto wa mwenzake. Shaali hakumwambia anyamaze. Alikaa naye tu mpaka maji yakajaa.

*

Tope lilirudi. Kwanza lile lililofichwa nyuma ya mwamba, likarudi lenyewe kwa maji ya bamvua. Halafu jipya juu yake. Mwani ukaanza kupauka na kukatika kwenye kamba. Wanawake waliokuwa wakipika sabuni walikaa barazani mikono mapajani. Alfajiri mwatiko walionekana wametoa midomo juu ya maji, wakihema, na Bi Mize aliijua dalili hiyo kuliko mtu yeyote: hivyo ndivyo walivyofanya mara mbili zile kabla ya kupumzika.

Akaandika kuomba kibali cha kulea majongoo wengine. Jibu lilikuwa la adabu. Nafasi elfu nne za majongoo katika Ghuba ya Shukrani zote zina wenyewe, ambao kwa sasa wapo makao makuu kwa majukumu mengine ya kitaifa. Kuweka jongoo mwingine juu ya nafasi yenye mtu ni kosa la kisheria. Hata hivyo, wizara inatambua uzito wa jambo hili, na chini yake kulikuwa na barua ya pili:

"YAH: KUKAIMU NAFASI YA JONGOO BAHARI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nafurahi kukujulisha kwamba umeteuliwa kuwa Kaimu Jongoo, Ghuba ya Shukrani, pamoja na majukumu yako ya kawaida. Utatekeleza kazi zote za jongoo kama zilivyoainishwa katika ripoti yako mwenyewe. Nakutakia kazi njema."

Shaali aliisoma mara mbili.

"Hii utaifanyia nini?"

"Nipe beleshi," alisema Bi Mize.

Kuanzia siku hiyo alishuka kila maji yanapokupwa. Alikuwa na beleshi, ndoo iliyofungwa kamba, na miwani yenye ufa. Alijaza tope chini, akavuta kamba mara mbili, Shaali akaipandisha ndoo, akaimwaga kwenye boti, akairudisha. Kutwa nzima ya kazi hiyo ilisafisha mahali pa kutandika mkeka mmoja, na usiku samaki walipachafua nusu yake. Sikio lilimvuja. Kucha zikawa nyeusi zisizotakata. Dada zake walimwambia amechanganyikiwa. Aliwajibu kwamba hajachanganyikiwa, amekaimu.

Alichoka. Sitaki kulipamba jambo hili. Alichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na kulikuwa na siku alikaa chini kule, miguu ndani ya tope, hewa inamwishia, akijiuliza kwa nini apande. Alipanda kwa sababu Shaali alikuwa ameshika kamba.

*

Mwezi wa tano wa ukaimu wake, pembeni kabisa ya vizimba, kwenye majani ya bahari ambako tope lilikuwa halijafika, aliona kitu juu ya jani. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Akadhani ni takataka. Kikajongea.

Akafunua jani la pili, akakuta wawili. Akafunua la tatu.

Alipanda juu akihema, akabaki ameshikilia ubavu wa boti. Alielewa mara moja walikotoka. Jongoo akipatwa na joto la ghafla hutoa mayai na mbegu za uzazi, na siku ile ya uhamisho ndoo zilikaa juani asubuhi nzima. Maji yale yalipovurugika yakawa meupe, maafisa walisema yanachafua viatu, wakamwamuru Shaali ayamwage baharini na kutia mengine. Bila kujua, serikali ilikuwa imeipandia ghuba kizazi kizima.

"Wangapi?" aliuliza Shaali alipoambiwa.

"Sijui. Wengi. Mia nyingi." Alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Shaali, wengi!"

Wiki tatu baadaye, wale wadogo walipokuwa wamefikia urefu wa kidole gumba na kuanza kutambaa hadi kwenye vile vipande vya ukubwa wa mkeka alivyovisafisha Bi Mize, akaja Bwana Ngwali. Alikuja na karatasi moja. Wizara ilikuwa imegundua kwamba tangu Bi Mize ashike madaraka ya Kaimu Jongoo, kituo hakijatoa mchanga mweupe hata ndoo moja, wakati waliomtangulia walikuwa wakiutoa kila siku. Alitakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini asishushwe daraja.

"Mimi nakutakia mema, mama," alisema, na nadhani alisema kweli. "Umebakiwa na miaka mitatu. Kama kuna chochote cha kuonyesha huko chini, hata kidogo, nionyeshe. Nikiandika kuna jongoo hata mmoja anayefanya kazi, mashtaka yanafutwa. Utapewa Daraja la Pili. Mheshimiwa mwenyewe anaweza kuja."

Bi Mize alikuwa amelisubiri Daraja la Pili kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameshalichagulia hata fremu.

"Twende nikaangalie," alisema Bwana Ngwali.

Wakapanda boti. Maji yalikuwa yamekupwa, jua limesimama, na pembeni ya vizimba, pale penye majani, palikuwa peupe kuliko palivyokuwa mwaka mzima. Bwana Ngwali aliinama, akaweka kiganja juu ya macho. Bi Mize aliwaona majongoo wake kama anavyoviona vidole vyake. Moyo ulimpiga hadi kwenye sikio lile bovu.

Shaali akachukua upondo. Akauchomeka majini kama mtu anayetaka kusogeza boti, akaukoroga taratibu kwenye tope la kizimba cha karibu, huku na huku, mpaka tope likafumuka na maji yakawa meusi kuanzia tezi hadi omo.

"Radhi, bwana," alisema. "Tumekwama."

Halafu akainama sikioni mwa Bi Mize, lile zima, akanong'ona: "Funika kombe mwanaharamu apite."

Bwana Ngwali alijifunika pua kwa leso. Mayai viza yalikuwa yamepanda.

"Kuna nini huko chini, mama? Sema mwenyewe."

Bi Mize aliyatazama maji yale meusi. Alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo, na ulimi wake ulikuwa mzito kama umetiwa mchanga.

"Hakuna kitu, bwana," alisema. "Tope tu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nimeshindwa."

Walirudi kituoni, akaandika kwa mkono wake: kwamba kazi imemshinda, kwamba ghuba ni chafu, kwamba hakuna kiumbe chochote cha maana kilichobaki na haitarajiwi kuwapo. Bwana Ngwali aliisoma yote, neno kwa neno, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alimwambia kwamba katika miaka yote hii ndiyo ripoti yake ya kwanza iliyoeleweka. Akaipiga muhuri papo hapo, akamshusha hadi Daraja la Nne, akafunga kituo kwa maandishi, na kuagiza kwamba afisa yeyote asipoteze tena mafuta ya gari kuja kule.

"Pole sana, mama," alisema, akiingia garini.

"Nimeshapoa, bwana."

Bi Mize alisimama mlangoni mpaka vumbi la gari likatua. Akaketi kwenye ngazi. Shaali alimletea maji ya kunywa, akanywa yote.

"Basi wamekufukuza kwenye ujongoo?" aliuliza Shaali.

"Wamesahau kunifukuza," alisema Bi Mize, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Bado nakaimu."

Akasimama, akaichukua miwani yake, akaenda kuwaangalia watoto.